Gemu za umati zisimfungie mlango anayecheza peke yake

Mhariri,

Kila gemu kubwa za kuigiza za mtandaoni, yaani zile ambazo umati hucheza pamoja katika dunia moja, zinapojadiliwa, hoja moja haikosi: anayetaka kucheza peke yake akatafute gemu ya mtu mmoja, hizi za umati awaachie wenye vikundi. Wakongwe wanaisema kwa kujiamini, na sasa inasikika hata kwa vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaojifunza kutengeneza gemu zao wenyewe. Tunaomba nafasi katika ukurasa wenu tuipinge, maana hoja hii ikishaingia kwenye msingi wa gemu, kuing'oa baadaye ni gharama kubwa. Wenye gemu kubwa za dunia wamekuwa wakiing'oa kwa miaka ishirini na hawajamaliza.

Kwanza tuelewane ni nani huyu. Anayecheza peke yake si lazima awe mtu asiyependa watu. Ni muuguzi anayetoka zamu saa nane usiku, rafiki zake wote wamelala. Ni mama ambaye mtoto akilia anaiweka simu chini pale pale, vita iwe imeisha au haijaisha. Ni mwanafunzi aliyenunua bando la saa moja. Ni msichana aliyechoka kutukanwa kila akifungua maikrofoni. Ni mtu wa Kigoma aliyetupwa kwenye kundi linaloelewana kwa Kireno. Wote wanapenda mji wenye watu, soko lenye kelele, mgeni anayepita na kukupungia mkono. Wasichoweza ni kuwaahidi watu wasiowajua saa mbili mfululizo. Mwaka 2006 watafiti Nicolas Ducheneaut, Nicholas Yee na wenzao walichapisha uchambuzi wa gemu ya World of Warcraft ulioonyesha kwamba wachezaji walitumia muda wao mwingi wakiwa peke yao. Wengine waliokuwa pembeni walikuwa kwao hadhira na tamasha la kutazama. Kwa hiyo tunayezungumza habari zake ndiye mchezaji wa kawaida, na gemu inayompuuza inawapuuza wateja wake wengi.

Anayekumbuka EverQuest ya mwaka 1999 anajua tulikotoka. Ukiuawa ulipoteza sehemu ya alama za uzoefu ulizokusanya, na vifaa vyako vilibaki kwenye maiti. Ilibidi uifuate ukiwa mtupu, kupitia maadui walewale waliokuua. Aina chache tu za wahusika ziliweza kujikimu, waliobaki walikaa mahali pamoja wakitangaza kwamba wanatafuta kundi. World of Warcraft ilipofunguliwa tarehe 23 Novemba 2004 iligeuza mambo: mlolongo wa kazi ulikuongoza kijiji hadi kijiji mpaka levo ya 60, nyingi ukizimaliza mwenyewe. Ila ukifika 60, mlango ulifungwa. Vifaa bora vilikuwa ndani ya Molten Core, na Molten Core ilitaka watu 40 kwa mara moja. Mchezaji alilelewa kwa mtindo mmoja miezi kadhaa, kisha akaambiwa mtindo huo haufai tena. Kubadilisha masharti mwishoni ni kosa linaloendelea kurudiwa, na ndilo tungependa watengenezaji wetu waliepuke kabla ya mengine yote.

Pale panapokwama hasa ni mapangoni, yaani yale maeneo yaliyofungwa yenye maadui njiani na bosi, yaani adui mkubwa, mwishoni. Katika Final Fantasy XIV kundi la pango ni watu 4: ngao mmoja anayepokea kipigo, mganga mmoja anayeponya, na washambuliaji wawili. Tangu Desemba 2009, World of Warcraft ilipoleta mfumo unaowakusanya wageni wasiojuana kuwa kundi, wengi wanadhani tatizo la kupata kundi limekwisha. Halijaisha, na hesabu yake ni rahisi. Chukulia watu 100 wako kwenye foleni: ngao 15, waganga 20, washambuliaji 65. Yataundwa makundi 15 tu. Yatawameza washambuliaji 30. Wengine 35 watabaki wanasubiri kama abiria wa daladala isiyo na dereva, pamoja na waganga 5. Kuongeza wachezaji hakusaidii kama uwiano ni uleule, kwa sababu waliobaki nao wanaongezeka. Ndiyo maana gemu hizi humpa zawadi ya ziada anayekubali kazi iliyopungukiwa watu. Zawadi hiyo inasaidia kidogo, lakini pia inawaleta watu wasioipenda kazi hiyo, na ngao asiyejua kazi yake anaweza kuwaua watu wanne ndani ya sekunde kumi.

Dawa iliyothibitika ni wasaidizi wanaoendeshwa na kompyuta. Guild Wars ilikuwa nao tangu Aprili 2005: mamluki wa kujazia nafasi tupu, na kuanzia toleo la Nightfall mwaka 2006 wakaja mashujaa ambao mchezaji aliwachagulia mwenyewe vifaa na mbinu. Final Fantasy XIV ilisubiri hadi Julai 2019, ilipoleta katika toleo la Shadowbringers utaratibu wa kuingia pangoni na wahusika wa hadithi yenyewe. Aprili 2022, katika toleo la 6.1, utaratibu huo ukarudishwa hadi mapango ya mwanzo ya mwaka 2013, na matoleo yaliyofuata yakaendelea kuusambaza. Elder Scrolls Online ilileta wasaidizi wake 2021. World of Warcraft ikafuata Januari 2024.

Jinsi utaratibu huo wa Final Fantasy XIV unavyofanya kazi inafaa kuigwa. Unafungua orodha, unachagua pango, unaonyeshwa wasaidizi watatu, unaingia papo hapo. Bosi akichora duara la rangi ya chungwa chini, wasaidizi wanakimbia kabla halijalipuka, na wanakimbilia mahali salama. Mgeni hahitaji kusoma maelezo marefu, afuate tu miguu yao. Hilo ni somo ambalo kundi la wakongwe wenye haraka halitoi, maana wao huruka hatua nyingi na kumwacha mgeni akishangaa kilichomuua. Kasoro yake nayo ipo: wasaidizi hupiga polepole kuliko watu, hivyo safari inarefuka. Kasoro hiyo hatuilaumu. Tutairudia.

Kuna mfano mmoja tungependa kila mtengenezaji aukariri, nao ni Praetorium, ngome inayofunga hadithi ya A Realm Reborn, toleo la Final Fantasy XIV la mwaka 2013. Ilijengwa kwa watu 8, na katikati ya mapigano kukawekwa vipande virefu vya filamu ya hadithi. Wakongwe waliokuja kwa ajili ya zawadi ya kila siku waliziruka filamu na kukimbia mbele. Mgeni, ambaye hadithi ilikuwa yake, akimaliza kutazama anakuta bosi ameshakufa. Mwaka 2018 wenye gemu wakazuia kuruka filamu. Mgeni akapumua, lakini sasa wakongwe wakawa wamekaa wakitazama kitu walichokiona mara nyingi, na ikabidi zawadi iwe nono ndipo wakubali kuja. Toleo la 6.1 ndilo lililokata mzizi: ngome ikapunguzwa hadi watu 4, wasaidizi wakaruhusiwa kuingia, na pambano la Cape Westwind, lililokuwa nalo la watu 8, likawa la mtu mmoja. Karibu miaka tisa ya viraka kwa sababu siku ya kwanza mtu aliandika namba 8 mahali ambapo hadithi ilimhitaji mmoja. Cha ajabu, Agosti 2020, kabla hata kiraka hicho hakijakamilika, gemu hiyohiyo ilikuwa imeingiza mnara wa Crystal Tower, unaotaka watu 24, katika kazi za lazima za hadithi kuu.

Msimamo wetu hapa hauna kona: hadithi kuu isifungwe kwa idadi ya vichwa. Pambano gumu la kujaribu uwezo wa kundi libaki la kundi, hatuna ugomvi nalo. Lakini mtu aliyefuata kisa kwa saa mia moja ana haki ya kuona mwisho wake bila kumtafuta mtu wa ishirini na nne.

Jambo jingine linalosahaulika: mara nyingi ni gemu yenyewe inayomfanya mtu awe peke yake. Jaribio la bure la Final Fantasy XIV ni la ukarimu. Tangu Oktoba 2023 linafika levo ya 70 na halina kikomo cha siku. Hata hivyo mchezaji wa bure haruhusiwi kuunda kundi, haruhusiwi kununua sokoni, haruhusiwi kujiunga na chama cha wachezaji, na hazina yake haizidi gil 300,000, gil ikiwa fedha ya gemu hiyo. Sababu inaeleweka, maana bila vizuizi hivyo wauza fedha za gemu wangefungua akaunti elfu kwa siku. Lakini kijana wa Afrika Mashariki anayeanzia hapo kwa kukosa kadi ya benki ameshafanywa mpweke kwa kanuni. Ukimwekea kanuni ya namna hiyo, wajibu wako wa kumwekea njia ya mtu mmoja unakuwa mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema. Mtengenezaji akiambiwa aruhusu mtu mmoja kwenye pango la wanne, jambo la kwanza analofanya ni kugawa uhai wa bosi kwa nne. Tazama kinachotokea. Kundi lina ngao anayepiga 600 kwa sekunde, mganga anayepiga 400, na washambuliaji wawili wanaopiga 1,000 kila mmoja. Jumla ni 3,000. Bosi mwenye uhai 540,000 anakufa kwa sekunde 180. Gawa kwa nne, upate 135,000. Mshambuliaji akiwa peke yake anammaliza kwa sekunde 135, ngao kwa 225, na mganga kwa sekunde zaidi ya 337. Pambano lilelile limekuwa rahisi kwa mmoja na adhabu kwa mwingine. Kama bosi ana kikomo cha sekunde 240 ambacho baada yake anachachamaa na kuua kila mtu, mganga hawezi kushinda hata acheze bila kosa. Upande wa kipigo ni kinyume: mshambuliaji asiye na ngao anapokea pigo lililopimwa kwa mtu mwenye mavazi ya chuma, anakufa kwa mapigo mawili.

Njia inayofanya kazi ni ama kumpimia kila mtu kwa kazi yake, ama kumpa msaidizi anayejaza pengo. World of Warcraft ilichukua njia ya pili katika toleo la The War Within la Agosti 2024. Ilileta mashimo madogo ya mtu 1 hadi 5, yenye ngazi 11 za ugumu, na mzee Brann Bronzebeard anayeandamana na mchezaji. Mwanzoni Brann aliweza kuwa mganga au mshambuliaji. 2025 akaongezewa kazi ya ngao. Anapanda levo kadiri unavyomtumia. Kubwa zaidi, kazi ya humo inahesabiwa katika sanduku la zawadi la kila wiki, sambamba na mapango ya kundi. Hapo ndipo mchezaji anapotambua kwamba hakupewa makombo.

Hata ukipatia namba, kuna mitego isiyo ya namba. Bosi anayemfunga mchezaji kwenye mnyororo akisubiri mwenzake amfungue: aliye peke yake amekufa. Mikono miwili ya mlango inayotakiwa kuvutwa pamoja: amekwama, na mbaya zaidi anakwama baada ya kupigana nusu saa. Pigo linalotaka ngao wawili wapokezane: hana wa kumpokea. Duara ambalo lazima watu wanne wasimame ndani yake ili kugawana maumivu: anayabeba yote. Kila moja ya hizi inahitaji jibu lake lililoandikwa mapema, mnyororo ujifungue baada ya sekunde nne, mkono wa pili wa mlango uvutwe na msaidizi, duara lipungue kulingana na waliomo. Tungeshauri timu ipite pango zima na karatasi, iandike kila mahali panapotaka mikono miwili, ndipo iguse namba za uhai. Kwa kawaida timu hufanya kinyume, na wachezaji ndio wanaogundua mlango wa mikono miwili usiku wa siku ya kwanza.

Nje ya mapango, kwenye mbuga na vijiji, hakuna gemu iliyofanya vizuri kuliko Guild Wars 2 ya Agosti 2012, na siri yake ni kwamba iliondoa sababu ya kumchukia mgeni. Katika gemu za zamani, ukimwona mtu anakuja ulikunja uso: atakuibia adui uliyemngoja, atachimba madini uliyoyaona kwanza. Humo, kila aliyechangia kumpiga adui anapata ngawira yake mwenyewe. Mti mmoja unakatwa na kila mtu kwa nafasi yake. Aliyeanguka anaweza kufufuliwa na yeyote, na anayemfufua anapata uzoefu. Tukio la kulinda daraja likianza, hakuna wa kuomba ruhusa wala kujiunga na kundi. Unafika, unapiga, unalipwa kulingana na mchango, unaendelea na safari yako. Watu mia wanaweza kushirikiana na wote wakawa, kwa maana ya kundi, peke yao.

Anayetaka kuiga ajihadhari na mambo mawili. Matukio haya huongeza nguvu za maadui kadiri watu wanavyoongezeka. Ukihesabu kila aliyesimama karibu, watu watano waliolala na simu mfukoni watamwongezea bosi uhai bila kumpiga hata mara moja, na watatu wanaopigana watashindwa. Hesabu waliopiga, kuponya au kufufua ndani ya sekunde 30 zilizopita. La pili ni kupima mchango kwa kipigo pekee. Mganga aliyewaweka hai watu kumi anaambulia zawadi ya mtazamaji, na wiki ijayo hutamwona tena akiponya mtu.

Kuhusu vifaa adimu tutakuwa wakali zaidi, kwa sababu hapa hila ni kubwa na watu hawapigi hesabu. Kifaa chenye nafasi ya asilimia 1 kwa kila adui hakimaanishi kwamba ukiua 100 utakipata. Baada ya 100, karibu watu 37 kati ya 100 bado hawana. Baada ya 200, bado 13 hawana. Aliye kwenye chama hupewa na mwenzake aliyepata viwili. Aliye peke yake hana wa kumpa. Tiba ni kipande cha uhakika: kila adui aangushe kipande kimoja, na vipande 120 vinunue kifaa chenyewe kwa fundi wa mjini. Mwenye bahati atakipata mapema, asiye nayo atajua mwisho wa kazi yake ni lini. Kipande hicho kifungwe kwa mhusika, kisiuzwe, vinginevyo wenye mashine za kujichezesha watafurika sokoni ndani ya wiki moja.

Na asije mtu akasema wanaocheza peke yao wanataka urahisi. Old School RuneScape iliwawekea Oktoba 2014 aina ya akaunti inayoitwa Ironman: hauziani na wengine, haununui kwenye soko kuu, huokoti kilichoangushwa na mwenzako. Kila upinde, kila samaki, kila dawa uitengeneze au uitafute mwenyewe. Ni njia ndefu na ngumu kuliko ile ya kawaida, na watu wameipenda kiasi kwamba vikundi vya namna hiyo navyo vikaongezwa 2021. Akaunti hizo zina faida nyingine kwa mtengenezaji: zinamlazimisha ajiulize kila kifaa kinapatikana wapi bila kununuliwa, na humo hugundua mashimo mengi ya uchumi wa gemu yake.

Gemu za kuporana, kama Albion Online, zina shida yake. Wengi hapa kwetu wanaicheza kwa sababu inaingia kwenye simu tangu 2021. Katika maeneo ya rangi ya samawati na manjano ukishindwa hupotezi mzigo; nyekundu na nyeusi, ukiuawa na mchezaji mwenzako umevuliwa kila kitu. Mtu mmoja kukutana na genge la ishirini si pambano. Mwaka 2022 wakaleta maeneo ya ukungu, ambayo milango yake hupokea mtu mmoja mmoja au wawili wawili, hivyo hatari ipo lakini ni hatari ya saizi yako. Mwongozo wa anayeanza ni mfupi: usivae unachoshindwa kununua mara tatu, na mzigo ukifika nusu rudi benki.

Tumefika kwenye mtandao, ambao kwa msomaji wa gazeti hili ndio unaoamua mengi. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 chini ya bahari hadi Ulaya Magharibi, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100 kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani, na kwa simu yenye data tunayoijua ongeza mara mbili. Alama ya hatari ikiwaka kwa nusu sekunde, mchezaji wa Mombasa anayecheleweshwa milisekunde 200 anabakiwa na 300, na mtu wa kawaida anahitaji kama 250 kuona na kubonyeza. Zinabaki 50 tu za kukimbia. Amekufa kwa jiografia. Kwa mapambano ya hadithi alama isipungue sekunde moja na nusu. Wanaotaka ya nusu sekunde wawekewe ngazi ya juu. Watengenezaji wetu nao wanaweza kukodi seva Johannesburg, ambako Microsoft ina kituo tangu 2019, au Cape Town, ambako Amazon ina chake tangu 2020. Ila wapime njia kwanza, kwa sababu ukaribu kwenye ramani hauhakikishi kwamba data inapita njia fupi.

Kukatika ndiko kunakoharibu hadhi ya mtu. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Hata bila ajali ya baharini, umeme hukatika, bando huisha, simu huingia. Kwenye kundi, mganga aliyepotea sekunde 40 anawaua wengine watatu, anafukuzwa kwa kura, na gemu kadhaa humwongezea adhabu ya kungoja dakika 30 kama mtoro. Akifanyiwa hivyo mara tatu hatarudi kwenye kundi, na wala hatumlaumu. Tiba zipo na si ghali: mhusika ashikiliwe nafasi yake kwa dakika 5, msaidizi wa kompyuta ashike kazi wakati huo, maendeleo yahifadhiwe kila bosi anapokufa badala ya mwisho wa pango, na adhabu ianze mtu anapobonyeza kutoka kwa hiari yake. Gemu ikimwona aliyekatika na aliyetoroka ni mtu yuleyule, imeandikwa na watu wasiowahi kukatikiwa.

Lugha tutaigusa kidogo. Final Fantasy XIV ina kamusi ya misemo ya haraka: unachagua sentensi kwa lugha yako, mwenzako anaisoma kwa yake, kati ya Kijapani, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Misemo 60 ya Kiswahili ingetosha kabisa kumtoa mtu ububu, kuanzia "ngojeni kwanza", "nina dakika kumi tu", "mtandao unasumbua", hadi "poleni, mimi mgeni hapa". Anayejua kwamba anaweza kusema hilo la mwisho bila kuandika Kiingereza cha wasiwasi anajaribu kundi siku moja. Wengi wanaoitwa wapweke ni watu waliokosa sentensi ya kuombea radhi.

Hoja ya wapinzani wetu iliyo na uzito ni hii: wasaidizi wakiwa bora mno, watu wataacha kutafutana na mji utabaki na kelele bila mazungumzo. Ni kweli, na ndiyo maana hatukulaumu wasaidizi wa polepole. Kundi la watu likimaliza pango kwa dakika 20, la wasaidizi limalize kwa 28 au 30, kwa ngawira ileile. Mwenye haraka atatafuta watu, asiyeweza atachukua muda wake, na hakuna aliyenyimwa. Kinachoharibu ni kutoa ngawira duni kwa kazi ileile. Hapo unamwambia mtu ana thamani ndogo, na hicho ndicho kinachomfukuza. Pia usimfungie baraka za chama, kama uzoefu wa nyongeza au nauli nafuu ya kusafiri, mtu asiye na chama. Muundie chama cha wageni kisicho na zamu wala michango, aingie na kutoka apendavyo.

Kwenu ninyi wahariri tuna ombi la vitendo. Mnapochambua gemu mpya za aina hii, picha na sauti mnazisifu vizuri, lakini msomaji anayehesabu bando anahitaji namba nne kwenye kisanduku pembeni: hadithi inataka watu wangapi mpaka mwisho wake, safari moja ya pango inachukua dakika ngapi, masasisho ya mwezi yana gigabaiti ngapi, na mchezaji aliyekatika anashikiliwa nafasi kwa muda gani. Hiyo ya nne haiandikwi kwenye tangazo lolote, ila kuipima si kazi: ingia pangoni, ngoja bosi abakiwe na nusu ya uhai, zima data, hesabu sekunde 90, iwashe, uandike umeamkia wapi.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam